Kumtafuta Mhenga Mjerumani: Vitabu na Nyakati za Württemberg

Mtu anayemtafuta mhenga Mjerumani aliyezaliwa kabla ya mwaka 1871 anamtafuta mtu ambaye hakuzaliwa chini ya dola inayoitwa Ujerumani, kwa kuwa dola hiyo ilikuwa haijaundwa. Mhenga huyo alikuwa raia wa mfalme wa Prussia, wa mtawala wa Baden, wa askofu mwenye enzi ya kidunia, au wa mji uliojitawala wenyewe. Dola Takatifu ya Kirumi iliyowakusanya wote hao ilivunjwa tarehe 6 Agosti 1806, na Shirikisho la Kijerumani lililoundwa mwaka 1815 lilikuwa na nchi zipatazo 39. Kila nchi ilikuwa na sheria yake ya mirathi, dhehebu lake na namna yake ya kuandikisha watu. Ndiyo maana swali la kwanza la mtafiti ni la mahali: alikuwa wa kijiji gani, na kijiji hicho kilikuwa chini ya nani?

Jina la ukoo peke yake halifiki mbali. Müller ni msaga nafaka, Weber ni mfumaji, Schmidt ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na watu wa kazi hizo. Akina Weber elfu moja si lazima wawe na babu mmoja. Tena jina lenyewe halikutulia kila mahali. Huko Westfalia, mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba aliweza kuchukua jina la shamba, na watoto wake wakaitwa hivyo, hata ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti. Kwenye pwani ya Ostfriesland mtoto aliitwa kwa jina la baba yake, desturi ambayo msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa, mpaka amri ya Napoleon ya mwaka 1811 ilipoitaka kila familia ijichagulie jina la kudumu. Anayefuata jina tu katika maeneo hayo atapotea baada ya vizazi viwili au vitatu.

Jina la kijiji hupatikana mara nyingi nje ya Ujerumani: kwenye jiwe la kaburi, tangazo la kifo gazetini, hati ya uraia, au kitabu cha kanisa la wahamiaji kule Pennsylvania au Brazil. Likishapatikana, hulinganishwa na kamusi ya mahali ya Meyer ya mwaka 1912, inayotaja miji na vijiji vya dola nzima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hatua hii haifai kuharakishwa, kwa kuwa vijiji na miji yenye jina moja ni vingi. Neustadt, kwa mfano, ziko nyingi, na kuchagua isiyo yenyewe ni kuupeleka utafiti mzima kwa watu baki.

Makala haya yanachukua nchi moja, Württemberg, kusini-magharibi, penye bonde la mto Neckar, milima ya Alb na mji mkuu wa Stuttgart. Kumbukumbu zake ni miongoni mwa zilizo kamili kabisa katika nchi zote za Kijerumani. Ipo sababu nyingine pia: ndiko walikotoka wamisionari Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa Derendingen karibu na Tübingen tarehe 11 Januari 1810, na Johannes Rebmann, aliyezaliwa Gerlingen karibu na Stuttgart tarehe 16 Januari 1820. Majina yao yanajulikana Rabai, Mombasa na Kilimanjaro. Dunia iliyowalea haijulikani sana.

Vitabu vya usharika

Württemberg iliingia katika Matengenezo ya Kanisa mwaka 1534, Mtawala Ulrich aliporudi kutoka uhamishoni. Katika miaka ya 1558 na 1559 wachungaji waliagizwa kuandika ubatizo na ndoa za kila usharika. Maziko yalianza kuandikwa baadaye. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento uliagiza vitabu vya ubatizo na ndoa mwaka 1563. Kwa hiyo kijiji chenye bahati kinaweza kumrudisha mtafiti nyuma kwa zaidi ya miaka 450.

Bahati hiyo si ya kila kijiji. Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, viliikumba Württemberg kwa ukali baada ya jeshi la Waprotestanti kushindwa Nördlingen mwaka 1634. Majeshi yalipita yakichoma na kupora, tauni ikafuata, na nchi ikapoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Vitabu vingi viliteketea pamoja na nyumba za wachungaji. Ukoo ukikatika ghafla kati ya 1634 na 1650, mtafiti asijilaumu. Baada ya vita mashamba yaliyobaki bila watu yalivuta wageni, wengi wao kutoka Uswisi, na ndiyo maana familia zinazojiona za Württemberg tangu zamani huwa na mhenga ambaye kitabu cha ndoa kinamtaja kuwa ametoka sehemu za Bern au Zürich.

Mstari wa ubatizo unamtaja mtoto, wazazi, kazi ya baba mara nyingine, na wasimamizi wa ubatizo. Wengi huwaruka wasimamizi, nao wanastahili kusomwa kwa makini kuliko wote. Msimamizi alikuwa shangazi, mwajiri, jirani mwenye uwezo, au mke wa diwani. Ukiwafuata katika ubatizo wa watoto wote wa nyumba moja utaona familia ilitegemea nani na ilipanda au ilishuka lini. Mstari wa maziko mara nyingi unataja umri wa marehemu kwa miaka, miezi na siku, na kutokana na hapo tarehe ya kuzaliwa huweza kukokotolewa hata kama kitabu cha ubatizo kimepotea.

Vifo vya watoto vilikuwa vingi mno. Katika karne ya 19 karibu theluthi moja ya watoto wa Württemberg walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mtoto akifa, jina lake hupewa anayefuata. Nyumba moja huweza kuwa na Johannes watatu, na wa tatu tu ndiye aliyekua. Asiyesoma kitabu cha maziko humchukua Johannes wa kwanza kuwa babu yake, na kumbe alifariki akiwa na wiki sita.

Kuanzia mwaka 1808 kila usharika wa Württemberg ulitakiwa pia kuwa na daftari la familia, Familienregister. Kila ndoa ilipewa ukurasa wake: mume, mke, wazazi wa pande zote mbili, watoto wote, na rejea ya ukurasa wa kila mtoto aliyeoa au kuolewa. Ni hazina ambayo sehemu nyingi za Ujerumani hazina. Lakini sehemu yake ya mwanzo ilinakiliwa kutoka vitabu vya zamani, na mnakili hukosea, kwa hiyo kila tarehe irudishwe kwenye kitabu cha ubatizo chenyewe.

Kuvisoma vitabu hivyo ni kazi ya kujifunza. Mwandiko ni wa Kurrent, wenye herufi zilizochongoka ambazo Mjerumani wa leo mwenyewe hawezi kuzisoma bila mafunzo. Jina la mwanamke huongezwa -in mwishoni, hivyo Weberin ni wa ukoo wa Weber. Tarehe nayo ina mtego wake. Nchi nyingi za Kikatoliki zilipokea kalenda ya Papa Gregori katika miaka ya 1580, lakini za Kiprotestanti zilingoja hadi mwaka 1700, ambapo tarehe 18 Februari ilifuatwa na tarehe 1 Machi. Kwa zaidi ya miaka mia moja vijiji viwili vilivyosikilizana kengele viliweza kutofautiana siku kumi. Ng'ambo ya kushoto ya mto Rhein, chini ya utawala wa Wafaransa, hati zinafuata kalenda ya Mapinduzi mpaka mwishoni mwa mwaka 1805.

Mali iliyoandikwa moja moja

Hati za thamani kubwa kuliko zote katika Württemberg, kwa maoni yangu, si za kanisa. Sheria ya nchi ya mwaka 1555 ndiyo chanzo cha utaratibu uliodumu hadi mwaka 1899: watu walipooana, mali ya mume na ya mke ziliorodheshwa kila moja peke yake, na mmoja alipofariki, mali yote iliorodheshwa upya na kugawanywa. Wenyewe huziita hati hizo Inventuren und Teilungen, na bado zinajaza rafu za hifadhi za miji na vijiji.

Karani wa kijiji na wazee wake waliingia nyumbani wakaandika kila kitu: nyumba na sehemu ya nyumba, vipande vya shamba na vya mizabibu, vitabu, nguo za mume, nguo za mke, matandiko, vitambaa vya kitani, vyombo vya jikoni, mapipa, zana za kazi, mifugo, nafaka iliyo ghalani, na madeni. Kila kitu kiliwekewa bei. Kutokana na hati kama hizo mwanahistoria Hans Medick aliandika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu wafumaji wa Laichingen, kijiji cha milima ya Alb, akaonyesha kwamba hata nyumba za wafumaji maskini zilikuwa na vitabu vya dini. David Sabean naye alikaa na kijiji kimoja tu, Neckarhausen, na kueleza mali, kazi na ujamaa wake tangu mwaka 1700 hadi 1870. Mtu mwenye mhenga wa Württemberg anaweza kupata orodha ya sketi za mama wa kizazi cha sita, na kujua ni ipi iliyokuwa imechakaa.

Hati hizo zilihitajika kwa sababu ya mirathi. Katika sehemu kubwa ya kaskazini shamba lilikwenda kwa mrithi mmoja. Huku watoto wote, wa kiume na wa kike, walipata sehemu sawa. Ilikuwa haki, na haki hiyo ilikuwa na gharama yake. Shamba la kutosha familia moja liligawanywa, likagawanywa tena, mpaka mtu akawa anamiliki vipande vidogo vilivyotawanyika pande zote za kijiji na bado hashibi. Mkulima akawa mfumaji wakati wa baridi, au fundi viatu, au mkata mizabibu wa kukodiwa. Sabean alionyesha pia jinsi ndoa za binamu zilivyoongezeka kijijini. Anayechora nasaba ya eneo hili hukuta babu yuleyule akitokea mara mbili au tatu katika matawi tofauti.

Umaskini uliingia hadi kwenye ndoa. Kuoa kulihitaji haki ya ukazi wa kijiji na idhini ya halmashauri, na sheria za Württemberg za mwaka 1833 na 1852 zilikaza zaidi kwa wasio na mali. Wapenzi walikataliwa ndoa, watoto wakazaliwa, na kitabu cha ubatizo kikaandika kuwa ni wa nje ya ndoa. Wazao wao leo husoma mstari huo kwa aibu au kwa huruma isiyo na mahali. Wausome pamoja na sheria ya mwaka husika. Mara nyingi wazazi walioana mara tu walipoweza, au walipovuka bahari.

Njaa ya 1816 na waliohama

Mwezi Aprili 1815 volkeno ya Tambora, katika Indonesia ya leo, ililipuka na kurusha majivu na gesi zilizolifunika anga la dunia. Mwaka uliofuata Württemberg haikupata kiangazi. Mvua na baridi viliendelea, nafaka ikaoza shambani, zabibu hazikuiva. Nchi ilikuwa tayari imechoshwa na vita vya Napoleon na kodi za Mfalme Friedrich, aliyefariki Oktoba mwaka huohuo. Bei ya mkate ilipanda hadi majira ya kiangazi ya 1817. Krapf alikuwa mtoto wa miaka sita wakati huo, katika kijiji kilichoonja njaa hiyo.

Friedrich alikuwa amepiga marufuku kuhama tangu 1807. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1815, na njaa ikafuata, watu waliondoka kwa maelfu. Serikali ilimtuma karani kijana, Friedrich List wa Reutlingen, akawahoji waliokuwa wakiondoka Heilbronn na jirani zake mwezi Aprili 1817. Walimweleza habari za njaa, lakini zaidi walimweleza kodi, madeni na ukali wa maofisa. List baadaye akawa mchumi mashuhuri, naye mwenyewe akaishia kuhamia Marekani mwaka 1825.

Njia zilikuwa mbili. Wengine walishuka mto Rhein hadi Uholanzi wapande meli za Marekani. Wengine walipanda mashua za mbao huko Ulm wakateremka mto Danube kuelekea Urusi ya kusini na Kaukazi, wakisukumwa si na njaa tu bali na imani: wengi wao walikuwa Wapietisti, Waprotestanti wacha Mungu waliotarajia kurudi kwa Kristo na kutafuta kimbilio mashariki. Wengi walikufa kwa maradhi katika karantini ya Ismail, karibu na Danube inapomwagikia baharini. Waliofika walianzisha vijiji kama Katharinenfeld katika Georgia na Helenendorf katika Azerbaijan.

Mfalme mpya, Wilhelm wa Kwanza, aliliona hilo. Mwaka 1817 alitoa amri ya kufuta utwana wa wakulima, na mwaka 1818 kikaanzishwa chuo cha kilimo cha Hohenheim. Ili wacha Mungu wasiendelee kuondoka, aliruhusu waanzishe jumuiya yao yenye uhuru wa ibada: Korntal, mwaka 1819, chini ya Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa Leonberg. Rebmann alizaliwa mwaka uliofuata, umbali mfupi kutoka hapo. Mazingira hayo ndiyo yaliyojaza seminari ya Misheni ya Basel, iliyoanzishwa 1815, vijana wa Württemberg, Krapf na Rebmann wakiwamo, kabla hawajatumwa Afrika Mashariki na Chama cha Misheni cha Waanglikana. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875, akarudi karibu kipofu, akafariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876; Krapf alifariki hukohuko tarehe 26 Novemba 1881. Chati ya nasaba ingesema tu kwamba wote wawili walifia Korntal. Anayejua njaa ya 1816 na hofu ya mfalme anaelewa kwa nini kijiji hicho kilikuwapo.

Aliyehama kwa halali aliacha hati. Alitakiwa kuomba ruhusa, kuachia uraia wake, na kuweka mdhamini wa kulipa madeni yake kwa mwaka mmoja. Faili nyingi za namna hii ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Ludwigsburg. Wimbi jingine kubwa lilifuata baada ya ugonjwa wa viazi na mapinduzi yaliyoshindwa ya 1848, na kufikia kilele mnamo 1854. Vijiji vingine viliwalipia maskini wao nauli ya meli ili visiwalishe tena. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg zimehifadhiwa tangu 1850 hadi 1934, zikitaja mahali mtu alikotoka. Za Bremen, bandari iliyotumiwa sana na watu wa kusini, ziliharibiwa kwa kukosa nafasi ya kuziweka, na nyingine kupotea vitani. Hasara hiyo haifidiki.

Serikali yachukua daftari

Kuanzia tarehe 1 Januari 1876 kuzaliwa, ndoa na vifo viliandikwa na ofisi ya serikali, Standesamt, katika dola nzima. Prussia ilitangulia tarehe 1 Oktoba 1874, na ng'ambo ya kushoto ya Rhein tangu 1798. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009 inafungua hati za kuzaliwa baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80, na za vifo baada ya 30, ambapo huhamishiwa hifadhi ya nyaraka. Vitabu vya sharika za Kiprotestanti za Württemberg husomwa kwa malipo katika tovuti ya Archion, iliyofunguliwa 2015.

Wengine huanza na kijitabu kilichokutwa kabatini kwa bibi, kikiwa kimejaa mihuri ya wachungaji na wasajili. Kinaitwa Ahnenpass, na kabla ya kukitumia mtu ajue kilitoka wapi. Sheria ya Wanazi ya tarehe 7 Aprili 1933 iliwafukuza Wayahudi katika utumishi wa serikali, na kila mtumishi akatakiwa kuthibitisha nasaba yake hadi kwa babu na bibi. Kikosi cha SS kilidai uthibitisho hadi 1800, na kwa maofisa hadi 1750. Ofisi za sharika zilifurika maombi. Vitabu vilevile vilivyowaandika watoto kwa furaha ya ubatizo vikawa chombo cha kuwatenga watu na hatimaye kuwaua. Tarehe zilizomo ndani ya Ahnenpass mara nyingi ni sahihi, na zinafaa kutumiwa; lakini mwandishi wa historia ya ukoo anayenyamaza kuhusu sababu ya kuandikwa kwake anaacha jambo kubwa kuliko tarehe zote. Wayahudi wa Württemberg walitakiwa kuwa na majina ya ukoo ya kudumu kwa sheria ya 1828, nao walikuwa wenyeji wa vijiji hivyohivyo. Nasaba zao nyingi hukatika 1941 au 1942, na hufuatiliwa katika hifadhi ya Bad Arolsen.

Wazao wa Afrika Mashariki

Zipo familia za Tanzania zenye babu Mjerumani wa enzi ya ukoloni, afisa, mlowezi au fundi wa reli. Mwaka 1906 gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alikataza ndoa kati ya Wazungu na Waafrika, kwa hiyo watoto hao hawakuandikwa katika daftari la ndoa halali, na baba wengi hawakuwatambua. Mahali pa kuanzia ni vitabu vya ubatizo vya misheni, za Kilutheri, za Wamoravian na za Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, kisha Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam na faili za wizara ya makoloni zilizoko Berlin. Kama babu alikuwa mwanajeshi, nchi yake ya asili huamua mengi: faili za jeshi la Prussia ziliungua Potsdam katika shambulio la mabomu la Aprili 1945, wakati Württemberg na Bavaria zilitunza za kwao Stuttgart na München, na nyingi zimesalia. Faili ya aina hiyo ikitaja tarehe na mahali pa kuzaliwa, usharika wa kuuandikia barua umepatikana.